"Shukuru, Sikio Lingine Linasikia": Kauli Tunayopaswa Kuiacha

Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijajiunga na masomo ya ubingwa, nilikuwa daktari wa zamu katika hospitali moja ya wilaya. Asubuhi moja aliingia mama wa makamo, muuza samaki, akanieleza kwamba siku mbili nyuma aliamka akakuta sikio lake la kushoto limeziba na ndani yake mnavuma kama bahari. Hakuwa na maumivu, usaha wala homa. Nilichungulia sikio, nikaona mfereji ni safi na kiwambo ni kizima. Kwa kuwa sikuona kitu, nilimwandikia dawa ya matone na viuavijasumu vya siku saba. Alipouliza kama usikivu wake utarudi, nilimjibu kwa nia njema kabisa: "Tutaona, mama. Ila mshukuru Mungu, sikio lingine linasikia vizuri." Alinishukuru, akaenda zake.

Alirudi baada ya wiki sita. Matone yalikuwa yamekwisha, vidonge vimekwisha, na sikio liko vilevile. Hapo ndipo nilipompa rufaa. Daktari bingwa aliyempokea alinirudishia barua fupi, isiyo na lawama, ikinieleza kwamba mgonjwa huyu angefika katika juma la kwanza kungekuwa na tiba ya kujaribu, na kwamba sasa muda wake umepita.

Leo mimi mwenyewe ni daktari bingwa wa masikio, pua na koo, na kauli ile niliyoitoa mimi naisikia kila mara katika kliniki yangu, ikitoka vinywani mwa wagonjwa: "Niliambiwa nishukuru, lingine linasikia." Wameambiwa hivyo zahanati, hospitali, nyumbani na kazini. Naielewa asili yake. Katika utamaduni wetu tunamfariji mwenye msiba kwa kumwonyesha kilichobaki, na wahenga walishasema heri nusu shari kuliko shari kamili. Lakini faraja ikitolewa na mtu aliyevaa koti jeupe hugeuka kuwa uamuzi wa kitabibu. Mgonjwa huisikia kama hukumu kwamba tatizo lake si kubwa, halina haraka na halina tiba. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba mambo hayo yote matatu si kweli, na kwamba kauli hii, japo ni ya upole, inawadhuru watu.

Kazi ya sikio la pili

Mwenyezi Mungu hakutupa sikio la pili liwe akiba ya kungojea la kwanza liharibike. Masikio mawili hufanya kazi kwa pamoja. Sauti inayotoka kuliani huingia sikio la kulia mapema kidogo kuliko la kushoto. Tofauti hiyo haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini ubongo huipima. Aidha, kichwa chenyewe huweka kivuli: sauti, hasa zile nyembamba, hulifikia sikio la upande wa pili zikiwa zimepungua nguvu. Kwa kulinganisha tofauti hizo mbili, ubongo hutambua sauti imetoka wapi, na hupata uwezo wa kuichambua sauti moja katikati ya nyingi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Vivyo hivyo, sikio moja haliwezi kufanya ulinganisho huu, hata likiwa zima kiasi gani.

Hivyo basi, aliyepoteza usikivu wa sikio moja hupoteza mambo matatu. Kwanza, hapati vizuri sauti zinazotoka upande uliokufa. Pili, hajui sauti inatoka wapi. Tatu, hushindwa kufuatilia mazungumzo penye kelele. Ukikaa naye ana kwa ana katika chumba kimya atakusikia bila shida yoyote, na hapo ndipo sisi wahudumu wa afya tunapopotoka. Chumba chetu cha matibabu, chenye watu wawili wanaotazamana mlango ukiwa umefungwa, ndicho mahali ambapo tatizo hili halionekani kabisa. Tunamwona mgonjwa anajibu kila swali, tunahitimisha kwamba anasikia. Tatizo linamsubiri nje: sokoni, kwenye daladala, harusini, katika darasa la wanafunzi wengi, na barabarani pikipiki inapokuja bila yeye kujua ni upande gani.

Kuna hasara nyingine isiyoandikwa katika vitabu vya kiada. Kwetu sisi, salamu ni heshima, na kutoitikia salamu ni tusi. Mgonjwa wangu mmoja, mwalimu, aliniambia kwamba kilichomuumiza zaidi si kutosikia, bali kuitwa mwenye maringo na majirani waliompita upande wake wa kushoto, wakamsalimu, naye asijibu. Mtoto asiyesikia upande mmoja huitwa na shangazi mara ya kwanza na ya pili, na mara ya tatu huambiwa hana adabu. Anayeitikia "marahaba" akiwa amemgeukia mtu mwingine huchekwa. Baada ya muda watu hawa huacha kwenda kwenye shughuli, hukaa pembeni, huitikia "ndiyo" kwa mambo wasiyoyasikia. Jioni huwa wamechoka kwa namna wasiyoweza kuieleza, kwa sababu kutwa nzima wamekuwa wakikaza akili ili kusikia kile ambacho wengine hukisikia bila jitihada.

Hata takwimu zetu kwa muda mrefu ziliwasahau. Shirika la Afya Duniani lilikuwa likipanga viwango vya upungufu wa usikivu kwa kuangalia sikio lililo bora. Kwa kipimo hicho, mtu ambaye sikio lake moja halisikii hata mlio wa honi, ila la pili ni zima, alihesabiwa kuwa na usikivu wa kawaida. Ni katika Ripoti ya Dunia kuhusu Usikivu ya mwaka 2021 ambapo kundi la upungufu wa upande mmoja liliwekwa peke yake katika jedwali la viwango: sikio bora likisikia sauti zilizo chini ya desibeli 20, na lile bovu likianza kusikia kwenye desibeli 35 au zaidi. Ikiwa shirika hilo limeona haja ya kuwahesabu watu hawa, nasi hatuna sababu ya kuendelea kuwaondoa kwa neno la faraja.

Siku za kwanza ni dharura

Nianze na mgonjwa wa aina ya yule mama, yaani mtu mzima ambaye usikivu wa sikio moja umeondoka ghafla. Kitaalamu, hali hii hutambuliwa pale usikivu unapopungua kwa desibeli 30 au zaidi katika masafa matatu yanayofuatana, ndani ya saa 72, chanzo kikiwa sikio la ndani au neva ya usikivu. Mgonjwa hataji masafa wala desibeli. Atasema sikio limeziba, limejaa, linavuma, au kwamba aliweka simu sikioni asisikie kitu. Wengine huwa na kizunguzungu.

Kwa kuwa maneno hayohayo husemwa na mtu mwenye nta tu, mhudumu anahitaji njia ya kutenganisha mambo hayo mawili, hata akiwa katika zahanati isiyo na kifaa. Njia ipo. Kwanza angalia mfereji wa sikio: je, kuna nta, usaha au kitu kilichoingia? Kisha mwambie mgonjwa afumbe mdomo na kuvumisha sauti, "mmmm", halafu muulize anaisikia zaidi sikio lipi. Ikisikika zaidi katika sikio lenye tatizo, kuna uwezekano mkubwa kwamba kuna kizuizi katika njia ya sauti, kama nta, maji au maambukizi ya sikio la kati. Ikisikika zaidi katika sikio zima, ilhali mfereji na kiwambo cha sikio bovu ni vya kawaida, chukulia kwamba sikio la ndani au neva imeathirika. Unaweza kuhakiki kanuni hii sasa hivi: ziba sikio lako moja kwa kidole kisha vumisha sauti, nayo itahamia upande uliouziba. Mwenye uma wa chuma wa kupimia usikivu wa masafa ya 512 atautetemesha na kuuweka katikati ya paji la uso, na kanuni ni ileile.

Nilipokuwa daktari wa zamu nilikuwa nimefundishwa jambo hili. Kiwambo kizuri na sikio lisilosikia vilipaswa kunitisha. Badala yake vilinituliza.

Mgonjwa wa namna hii apewe rufaa siku hiyohiyo, afanyiwe kipimo cha usikivu na aonwe na bingwa. Tiba inayotumika zaidi ni vidonge vya steroidi, kwa kawaida prednisoloni miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, isiyozidi miligramu 60 kwa siku, kwa siku 7 hadi 14, kisha hupunguzwa taratibu. Tiba hii ina nafasi nzuri zaidi ikianzwa ndani ya wiki mbili za kwanza. Dawa hizi si za kununua dukani kwa kuambiwa na jirani: hupandisha sukari na shinikizo la damu, na huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, kwa hiyo lazima daktari ampime mgonjwa kwanza. Asiyeweza kuzimeza, au ambaye hazikumsaidia, anaweza kudungwa dawa hiyo kupitia kiwambo hadi sikio la kati. Hatua hiyo ya uokoaji hufanywa kati ya wiki ya pili na ya sita.

Niseme ukweli wote. Ushahidi wa nguvu ya steroidi katika ugonjwa huu si imara kama tungependa uwe, na wapo wagonjwa wanaopona wenyewe bila dawa yoyote. Hata hivyo, anayechelewa hukosa nafasi ya kuchagua, na kumnyima mtu nafasi hiyo kwa uzembe ni jambo tofauti na kujaribu tiba ikashindwa. Kuhusu matone na viuavijasumu nilivyoandika mimi, hivyo havigusi sikio la ndani kwa namna yoyote. Mafuta ya moto, maji ya kitunguu na maziwa yanayotiwa sikioni nyumbani nayo hayasaidii, na yanaweza kuunguza mfereji au kuleta maambukizi mapya.

Kumfariji mgonjwa kwa sikio lililobaki hutufanya pia tusahau kutafuta chanzo. Kila aliyepoteza usikivu wa upande mmoja bila sababu iliyo wazi apimwe kaswende na virusi vya Ukimwi, vipimo ambavyo vinapatikana hata katika vituo vyetu vya afya, kwa kuwa kaswende ya sikio inatibika. Inapowezekana afanyiwe MRI, kwani wachache wao huwa na uvimbe usio wa saratani katika neva ya usikivu na mizani ya mwili, na uvimbe huo ukigunduliwa ungali mdogo, njia za kuushughulikia huwa nyingi zaidi. Na ikiwa kutosikia kumeambatana na kupooza uso, kushindwa kutamka maneno, kuona vitu viwili viwili au kushindwa kusimama, mgonjwa huyo huenda ana kiharusi na hapaswi kusubiri hata saa moja.

Mtoto hasemi

Mtu mzima huja mwenyewe kulalamika. Mtoto haji, kwa sababu mara nyingi hajui kwamba wenzake wanasikia kwa masikio mawili. Wapo wanaozaliwa neva ya upande mmoja haikuumbika vizuri, wapo walioambukizwa virusi wakiwa tumboni, na wapo wanaolipoteza sikio moja baada ya matubwitubwi, ugonjwa ambao wazazi wengi huuona kama uvimbe wa mashavu unaopita wenyewe. Ikumbukwe kwamba chanjo tuliyoanza kuitoa nchini mwaka 2014 ni ya surua na rubela, matubwitubwi hayamo. Mzazi ambaye mtoto wake ameugua matubwitubwi au uti wa mgongo, au ameumia kichwa, amlete kupimwa usikivu wa kila sikio hata kama mtoto anaongea vizuri.

Katika miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt nchini Marekani waliwafuatilia watoto wenye tatizo hili, wakakuta takribani theluthi moja yao wamewahi kurudia darasa. Kabla ya hapo, madaktari wa huko nao walikuwa wakiwaambia wazazi kwamba sikio moja linatosha kwa masomo. Mwaka 2010 utafiti mwingine wa nchini humo uliwalinganisha watoto hawa na ndugu zao wa tumbo moja wanaosikia vizuri, na ndugu zao wakaonekana kuwazidi katika alama za lugha. Tafakari basi hali ya mtoto huyo katika darasa letu, lenye wanafunzi wengi, bati linalopigwa na mvua, na madirisha yaliyo wazi kuelekea uwanjani.

Dalili za nyumbani ni ndogo, lakini mzazi makini huziona: mtoto huweka simu sikio lilelile siku zote, hugeuza kichwa upande mmoja anapoitwa, huzunguka huku na huko akitafuta sauti ilikotoka, husikia vizuri jikoni lakini "hasikii" akiwa kwenye kundi. Tiba ya kwanza kwa mtoto huyu hainunuliwi. Ni kumketisha mbele, sikio zima likielekea kwa mwalimu na lile lisilosikia likielekea ukutani, na kumweleza mwalimu kwa maandishi sababu yake. Naomba wenzangu tuwe tunaiandika barua hiyo kwa shule kama tunavyoandika cheti cha dawa.

Njia za tiba zilizopo

Baada ya muda wa dharura kupita, mgonjwa bado ana haki ya kuelezwa njia zote, faida na mipaka yake. Kwanza tujue kama sikio limekufa au limedhoofika. Tatizo likiwa la njia ya sauti, kama kiwambo kilichotoboka kwa maambukizi ya muda mrefu, upasuaji wa kuziba kiwambo huweza kurudisha usikivu. Neva ikiwa imedhoofika tu, shimesikio ya kawaida inaweza kumfaa, na ni makosa kumnyima kwa sababu eti sikio la pili ni zima.

Sikio likiwa halisikii kabisa, shimesikio ya kawaida haina msaada. Hapo kuna njia tatu. Ya kwanza ni mfumo uitwao CROS, uliobuniwa katika miaka ya 1960: kinasa sauti huvaliwa kwenye sikio lililokufa na kupeleka sauti kwenye kipokezi kilicho katika sikio zima. Hauhitaji upasuaji. Humwezesha mtu kumsikia anayeongea upande wake mbovu, lakini haumrudishii uwezo wa kujua sauti inatoka wapi, na kelele zikitokea upande ule mbovu, mfumo huzibeba hadi kwenye sikio zima.

Njia ya pili hutumia mfupa wa kichwa. Kifaa hutetemesha mfupa nyuma ya sikio bovu, na mtetemo huo husafiri hadi sikio la ndani la upande mzima. Upasuaji wa kwanza wa kupandikiza kishikizo cha kifaa cha aina hii ulifanyika Uswidi mwaka 1977. Uzuri wake ni kwamba mgonjwa anaweza kukijaribu kwanza kikiwa kimefungwa kwa mkanda wa kichwani, akakaa nacho sokoni na nyumbani kwa siku kadhaa, kabla ya kuamua kupasuliwa. Asiyeona tofauti wakati wa majaribio hapaswi kupasuliwa. Mipaka yake kuhusu mwelekeo wa sauti ni ileile ya CROS, kwa sababu sikio linalosikia bado ni moja.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo pekee inayolirudisha sikio lililokufa kazini, ni upandikizaji wa koklea. Nyaya nyembamba huingizwa katika sikio la ndani na kuichochea neva moja kwa moja. Mwaka 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliuidhinisha kwa watu wenye uziwi wa upande mmoja wenye umri wa miaka 5 na zaidi. Baadhi ya waliofanyiwa hurudishiwa kwa kiasi uwezo wa kutambua mwelekeo wa sauti, na wengi hupata nafuu ya mlio wa sikioni unaowasumbua usiku. Lakini njia hii ina masharti yake: neva lazima iwepo, jambo linalothibitishwa kwa MRI, sikio lililokaa kimya miaka mingi tangu utotoni halifaidiki sana, na baada ya upasuaji kuna miezi ya mazoezi ya kujifunza kusikia upya. Upasuaji huu umekuwa ukifanyika hapa nchini, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, tangu mwaka 2017. Gharama yake ni kubwa, na haiishii kwenye upasuaji, kwani betri na vipuri huhitajika maisha yote.

Ipo pia njia ya nne, ambayo naiheshimu: mgonjwa kuamua kutotumia kifaa chochote. Wengi huchagua hivyo na huishi vizuri. Uamuzi huo ni sahihi pale unapofanywa na mtu aliyeelezwa yote. Aliyeambiwa tu ashukuru hajachagua chochote.

Je, tunayo nafasi ya kufikiria hili?

Najua pingamizi litakalotolewa, kwa sababu nimelitoa mwenyewe katika vikao. Tunao watoto waliozaliwa hawasikii kwa masikio yote mawili na wanasubiri koklea. Tutawezaje kuzungumzia watu wenye sikio moja zima? Jibu langu ni kwamba katika kugawa vifaa vya gharama kubwa, mtoto yule atangulie. Sina ubishi juu ya hilo. Lakini mengi ninayoyaomba hapa hayamnyang'anyi mtoto yule hata shilingi. Kumwambia mgonjwa avumishe sauti ni bure, na barua kwa mwalimu inahitaji karatasi moja. Rufaa ya siku hiyohiyo ina gharama ileile ya rufaa ya wiki ya sita, isipokuwa ile ya wiki ya sita imechelewa. Na wakati huu ambapo taifa limeshatunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, ni haki kuomba kwamba kipimo cha usikivu na shimesikio vizungumzwe mezani kama inavyozungumzwa miwani.

Jambo jingine lisilo na gharama ni kulilinda sikio lililobaki. Aliyebakiwa na sikio moja hana akiba. Tunapomwandikia jentamaisini au dawa nyingine inayodhuru usikivu, tuulize kwanza kama ipo mbadala, na faili lake liwe na maandishi yanayoonekana: "Anasikia sikio moja." Akae mbali na spika za ukumbini, na anayefanya kazi kwenye mashine avae vizibo vya masikio. Apimwe usikivu kila mwaka. Sikio hilo likibadilika hata kidogo, aje siku hiyohiyo, hata kama ni sikukuu.

Kwako wewe unayeishi na hali hii, ninayo maombi mawili. Waambie watu. Kusema "nipitie upande wa kulia, huku sisikii" si aibu, na kutakuondolea sifa ya maringo usiyostahili. Pili, ukiingia mahali popote chagua kiti chako kabla wengine hawajakaa, ukuta uwe upande usiosikia na watu wawe upande unaosikia. Barabarani usitegemee sikio. Geuka utazame pande zote mbili. Mama anayenyonyesha akilalia sikio zima hatamsikia mtoto akilia, basi na alale upande wa pili, au mwenzake wa chumbani ajue zamu yake.

Yule mama muuza samaki nilionana naye tena miaka michache baadaye, nilipopita sokoni kwake. Meza yake ilikuwa imehama. Alikuwa ameisogeza hadi kona, kushoto kwake kukawa ukuta, na wateja wote wakawa wanakuja kwa kulia. Aliniambia alifanya hivyo baada ya kuwapoteza wateja waliodhani anawadharau, na kwamba hakuna aliyemshauri. Alilifikiria mwenyewe baada ya karibu mwaka mzima. Nilimwomba radhi. Akacheka, akasema, "Hukujua, mwanangu." Alikuwa mkarimu kwangu, kwani kwa kweli nilifundishwa.

Siku nyingine mgonjwa akikwambia sikio lake moja limeziba ghafla, usimwambie ashukuru. Mwambie avumishe sauti.